Wosia wa Bahari Nilioutoa Milimani

Nianze na jambo ambalo mke wangu analijua na kwao hawalijui: mimi bahari naijua kwa macho tu. Nimezaliwa Tanga mjini, hilo ni kweli, na ukipanda juu ya ukuta wa nyumba yetu maji ulikuwa unayaona. Lakini baba alikuwa fundi cherehani, babu fundi cherehani, na sisi watoto tulikatazwa kwenda ufukweni kwa sababu tukirudi na mchanga tungechafua vitambaa vya wateja. Chombo nimepanda mara moja maishani, safari ya shule, na nilitapika kwenda na kurudi. Kuogelea sijui mpaka leo ninapoandika.

Mtu wa namna hiyo mlete Morogoro, mpe chaki afundishe jiografia, halafu mwoze binti wa Kiluguru kutoka juu milimani. Uone atakavyojifanya.

Ilianza siku ya posa. Kwa Waluguru mwenye neno juu ya watoto ni mjomba, kaka yake mama. Baba yupo na anaheshimiwa, ila mambo ya ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo, mjomba ndiye anayefunga na kufungua. Mjomba wa mke wangu ni mzee mfupi, mkulima wa kabichi na karoti, aliyewahi kuwa katekista, na hana tabia ya kusema jambo mara mbili. Aliniuliza kwetu tunalima nini. Mbele yangu palikuwa na watu ambao hata kwenye mteremko wa kumtegua mbuzi wanapanda njegere zikakubali. Nikaona haya kusema kwetu tunashona. Nikasema sisi ni watu wa bahari. Basi, wakaitikia wote kwa pamoja, na jina likanikaa kuanzia saa ile.

Ningeweza kulivua mapema. Sikulivua kwa sababu lilinifaa. Kule milimani mimi nilikuwa kichekesho: njia wanayoipanda bibi zao na tenga la ndizi kichwani, mimi naipanda nimeshika magoti, napumzika kila kona, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Shemeji zangu walinitania hadi basi. Waliniuliza kama nitafutiwe machela. Sasa jioni tukikaa, nami nikaona nilipize. Nikaanza kuwasimulia papa. Papa huyo nilimwona kwenye kibanda cha video nikiwa darasa la tano, lakini kule juu nilimsimulia kana kwamba alinipita ubavuni nikiwa na kasia mkononi. Nikawasimulia konyeza, yule mnyama wa baharini laini anayewasha kama upupu, na mkunga, samaki mfano wa nyoka, anayeng'ata na haachii. Walisogea karibu. Raha ya kusikilizwa na watu waliokuwa wanakucheka, jamani, acheni.

Aliyesikiliza kuliko wote ni shemeji yangu wa kufuatana na mke wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, mrefu, mpole, mwenye miguu ya kupanda mlima asiheme. Yeye hakuridhika na hadithi. Aliuliza maswali ya kazi. Papa akikaribia boti ndogo unafanya nini? Unapiga kelele au unanyamaza? Konyeza akikuwasha unapaka nini? Nilimjibu kila swali papo hapo. Neno "sijui" silikumbuki kutoka mdomoni mwangu miaka ile, na mimi ni mwalimu, ninayewafundisha wanafunzi kwamba asiyejua aseme.

Shamba lao ni dogo na ndugu ni wengi. Shemeji akafahamiana na mfanyabiashara wa dagaa mjini Morogoro, ambaye nduguye alikuwa na boti ndogo upande wa Kilwa, boti ya watu watatu, ya mishipi na nyavu. Wakahitaji mtu mwenye nguvu asiyelewa ovyo. Akakubali. Nyumbani walishtuka, maana katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuyaingia maji yanayopita kiuno. Lakini wakajipoza kwa kusema, si tunaye mkwe wetu?

Kwao mtu akitoka kwenda mbali anakalishwa kwanza. Wakubwa wanakaa mzunguko, kila mmoja anampa neno moja la kumlinda, na yeye analirudia kwa sauti neno kwa neno ili wote wasikie kwamba amelipokea. Wosia uliokwisha kurudiwa haubishaniwi tena. Neno la mwisho, lililo zito kuliko yote, ni la mjomba. Siku hiyo ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwa mama mkwe, na walitupikia ndizi na kuku. Wengine walimpa maneno ya kawaida: asisahau sala, asikope, asiguse mke wa mtu. Ilipofika zamu ya mjomba, akasema yeye leo halitoi.

"Sisi tunajua nyoka na maporomoko," akasema. "Bahari ina mwenyewe. Mkwe, mpe mwenzio la mwisho."

Heshima ile sijapewa tena mahali popote. Hapo ndipo nilitakiwa kusema, mjomba, mimi nisamehe, mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Wangecheka wiki nzima. Pengine wangecheka mwaka. Nilikohoa, nikajiweka sawa kwenye kiti.

Nikampa papa: asinawie damu ya samaki upande anaoshikia mshipi, asining'inize mkono nje ya boti. Hilo lilikuwa na akili kidogo, ingawa nililiokota tu. Kisha mjomba, ambaye alikuwa amejiandaa, akauliza yule samaki bapa anayelala mchangani, mwenye mwiba mkiani, ambaye mfanyabiashara wa dagaa alimwambia ndiye anayewapata wageni wengi wakishuka majini kusukuma boti. Taa, nikasema. Jina nilikuwa nalijua, sokoni Tanga wanauzwa vipande vipande. Dawa yake nilikuwa siijui hata kidogo.

Simu ilikuwa mfukoni. Mtandao kule juu unashika vizuri kuliko kwangu mjini. Ningesema naomba kwenda haja, nikazunguka nyuma ya banda la mbuzi, dakika mbili ningekuwa nimepata jibu. Nalisema hili kwa sababu nimekuwa nikijitetea kichwani kwamba watu wa zamani hawakuwa na pa kuuliza. Mimi sikuwa mtu wa zamani.

Kichwani kilinijia kipindi cha skauti, siku tuliyofundishwa habari ya nyoka, ambayo nasikia siku hizi nayo imekataliwa. Nikasema, kwa ile sauti ya darasani: "Ukichomwa na taa, chomoa mwiba hapo hapo. Kisha funga kamba chini ya goti, kaza kwa nguvu zako zote, usiilegeze mpaka ufike kwa daktari. Sumu ikipanda moyoni umekwisha."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mbali kidogo, kama desturi inavyomtaka mbele ya mkwewe. Hakutakiwa kuingilia. Lakini ni mama, mwanawe anaondoka. Akauliza taratibu, bila kuniangalia, kama isingefaa mtoto akandwe na maji ya moto. Wao kila maumivu wanakanda: mgongo, jino, mtoto aliyeteguka. Nikatabasamu. Nikamwambia, kwa adabu zote lakini kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, kwamba hayo ni ya huku milimani, mama, baharini mambo ni mengine, maji ya moto yanaitembeza sumu. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumwonea huruma, na yeye akajifunika mdomo kwa kanga.

Shemeji akarudia kama inavyotakiwa. "Nichomoe. Nifunge chini ya goti. Nisilegeze. Nisikande."

Mimi ndiye niliyemsindikiza Msamvu kupanda basi, peke yangu, kwa sababu wengine walikuwa wameshateremka na kupanda mlima mara nyingi wiki ile. Tulikaa kwenye benchi tukila mihogo ya kukaanga, tukizungumza mpira. Nilimnunulia maji ya kunywa, nikamwambia asikae upande wa jua. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kwelikweli.

Ilipita miezi kama saba. Nikapigiwa simu nikiwa darasani, namba ngeni, mtu anasema yuko hospitali Dar es Salaam na mgonjwa kutoka Kilwa, na kwenye simu ya mgonjwa namba ya kwanza imeandikwa "Shemeji Bahari". Mimi huyo. Amechomwa na taa mguuni, akasema, wamemleta kwa rufaa, njoo. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaondoka na basi la saa nne. Mke wangu alibaki kuwapanga wa kwao. Na ninyi mnaosoma sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga: tulipofika Mikese, basi limesimama watu wananunua mahindi ya kuchoma, nilikuwa nimeshamweleza abiria mwenzangu kwamba shemeji yangu yuko hai kwa sababu yangu. Kwamba nilimfundisha kufunga kamba. Yule mama alinipongeza.

Hospitali nilimkuta amelala, mguu umefunikwa na kichanja cha waya ili shuka lisiuguse. Alinichangamkia. Alinisimulia mwenyewe, na mpaka leo nasikia alivyosimulia, maana alikuwa anasimulia kwa fahari. Walishuka majini alfajiri kusukuma boti iliyokwama kwenye fungu la mchanga, akakanyaga, akahisi kama kapigwa msumari. Akachomoa mwiba. Akachukua kamba ya nailoni, akakaza. Nahodha wao, mzee aliyezaliwa humo humo baharini, akainjika sufuria ya chai kwenye jiko lao la mkaa, akamwambia atoe kamba haraka, aingize mguu kwenye maji ya moto kadiri atakavyovumilia, maumivu yatakata na sumu itakufa. Shemeji akakataa katakata. Akamwambia nahodha kwamba ana shemeji yake, mtu wa Tanga, mtu wa bahari tena mwalimu, kamwambia maji ya moto ni marufuku na kamba haifunguliwi. Nahodha akambishia, kisha akachoka. Mwishowe akasema basi, labda watu wa Tanga wana dawa yao. Injini ikawasumbua, wakalala njiani, wakafika nchi kavu kesho yake mchana. Usiku kucha alilia, akasema, wenzake wakataka kuikata kamba kwa kisu, na yeye akawazuia.

"Nilishika wosia, shemeji," akaniambia. "Sikuulegeza hata kidogo."

Nilitoka nje nikisingizia kwenda kumtafutia uji. Kwenye korido muuguzi mmoja wa makamo akanisimamisha, akauliza kama mimi ni ndugu. Nikaitika. Alikuwa na hasira. Akaniambia mwiba wa taa unauma, kidonda chake kinaweza kuoza kisiposafishwa, lakini mguu huu haujauawa na mwiba. Umeuawa na kamba. Damu haikufika siku nzima na usiku mzima, nyama imekufa, wataukata chini ya goti kesho asubuhi. Kisha akauliza: ni nani huyo mpumbavu aliyemwambia afunge?

Nikamwambia sijui.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikatoa simu. Niliandika maneno matatu tu na jibu likaja la kwanza kabisa: maji ya moto. Usifunge kamba. Lilikuwa hapo juu, wala sikuhitaji kusogeza kidole. Nililisoma mara nyingi. Nilimkumbuka mama mkwe na kanga mdomoni, nikaona aibu ya kimwili, kama ile ya mtoto aliyejikojolea mbele ya darasa.

Asubuhi waliukata. Mchana wakafika mjomba, mama mkwe na mke wangu, wamechakaa kwa safari, mama kabeba karoti kwenye mfuko kana kwamba hospitali hawana chakula. Daktari alikuwa amekwenda wodi nyingine. Wakanigeukia mimi, msomi wao, niwaeleze. Na mimi nikawaeleza. Nilisema sumu ilikuwa kali, ilikuwa inapanda, ikaishia kwenye kamba. Nilisema ilibidi mguu utolewe ili roho ibaki. Sikupanga kusema hivyo, lakini lilitoka limenyooka, na likishatoka unalirudishaje?

Mjomba alivua kofia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono migumu ya jembe, akaniambia ukoo wao hautanisahau. Mama mkwe akapiga magoti pale pale koridoni, mbele ya watu wanaopita na machela, akanishukuru kwa kumnyima mwanawe maji ya moto. Alisema Mungu alinipa mdomo siku ile, maana yeye kwa ujinga wake angemuua mtoto. Nilimwinua. Hakuna siku nimejichukia kama siku ile, na bado sikusema.

Tangu hapo kila msimu wananiletea vitu. Ndizi, njegere, mara stroberi zimefungwa kwenye majani ya mgomba, mara jogoo. Vinateremshwa na bodaboda mpaka mlangoni kwangu. Nilikuwa nikiwaambia mke na watoto wale wao, mimi tumbo linanisumbua. Mke wangu si mjinga. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunaanua nguo, ile habari ya kamba niliisoma wapi. Nikamfokea. Nikamwambia kwani yeye anataka nini, ndoa imvunjikie? Akakunja shuka akaingia ndani. Hakurudia, na mimi nikajifanya kwamba ukimya wake ni kukubali.

Shemeji alipona akarudi nyumbani na magongo, baadaye akapata mguu wa bandia. Mlima haupandi tena kama zamani. Anapalilia amekaa, anajiburuta kutoka tuta hadi tuta kwa makalio, na wenzake wanambebea tenga. Kuna binti wa misheni ya jirani ambaye walikuwa wamekubaliana waoane, wazazi wake wakaona hapana, atalishaje nyumba kwenye mteremko ule. Mimi nilipunguza kwenda. Mara ni kusahihisha mitihani, mara ni mvua, mara barabara imekatika. Nilipokwenda nilikaa karibu na wazee na mbali na yeye. Ajabu ni kwamba yeye alikuwa vilevile, ananitania, ananiuliza soksi zimekauka?

Sasa nifike penyewe. Mwaka jana, baada ya mavuno ya njegere, binamu wa shemeji, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, naye akasema anakwenda Kilwa, boti ile ile, nafasi imetokea. Shida haina adabu, inakuta umemwona mwenzio kakatwa mguu na bado inakutuma. Wakaita kikao. Mjomba akanipigia simu mwenyewe kwamba nisikose, kwa sababu neno la mwisho ni langu. Alisema uliyeokoa wa kwanza utaokoa na wa pili.

Hilo sikuweza kulikwepa kwa mvua wala mitihani. Nilipanda ule mlima nikijua kwamba nikisema tena kufunga kamba, nitakuwa namkata mtu kwa macho makavu. Na nikisema usifunge, mjomba atauliza kwa nini, na jibu ni moja tu. Njia nzima nilijifunza maneno. Nilikuwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua: nitasimama, nitasema mimi si mtu wa bahari, nilidanganya, kamba ndiyo iliyoukata mguu wa huyu, nami nililijua hilo tangu hospitali. Nilikuwa nimejiambia kwamba wakinitukana sawa, wakimtaka binti yao arudi sawa.

Tulikaa mzunguko uani pale pale. Wazee wakatoa maneno yao, binamu akayarudia moja moja. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa bandia ameunyoosha mbele. Mjomba akaniita. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni hiki: "Kuhusu taa." Nikakwama. Nikasema tena, kuhusu taa. Nilimwona mke wangu kando ya mama yake, ameacha kupeta mchele. Maneno yote ya njiani yalikuwepo, hakuna lililopotea, nilikuwa tu siyasemi.

Shemeji akaomba ruhusa ya mjomba aseme yeye, kwa kuwa yamemkuta. Akaruhusiwa. Akamgeukia binamu yake, akamwambia ukishuka majini usikanyage, buruta miguu, taa akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe. Akikuchoma, usifunge kitu. Kamba usiiguse. Ingiza mguu kwenye maji ya moto, ya kuvumilika, mpaka maumivu yapungue, halafu hospitali, mwiba wakautoe wao.

Watu wakatazamana. Mjomba akakunja uso, akasema mbona hayo sio yaliyosemwa hapa, hapa tulisikia kamba kwa masikio yetu.

"Hapa alisema kamba," shemeji akajibu. "Lakini tulipofika Msamvu, kabla sijapanda basi, shemeji alinirekebisha. Aliniambia lile la kamba alikosea, ni la nyoka. Akaniambia maji ya moto. Mimi maumivu yaliponishika nikachanganya, nikashika la kwanza. Daktari alinieleza, mguu uliuawa na kamba. Niliona aibu kuwaambia."

Msamvu tulizungumza mpira. Sisi wawili tu ndio tuliokuwepo, na sisi wawili tu ndio tulioujua uongo ule. Ndipo nilipofahamu kwamba alijua. Alijua tangu wodini, miaka yote hiyo ya soksi na magongo, na alikuwa amekaa akisubiri. Na aliponiona nimesimama pale nimekwama, akaona binamu yake hatapata dawa ya kweli kutoka kwangu, akaamua kuitoa yeye na kunisitiri mimi, kwa ajili ya dada yake labda, au kwa sababu ndivyo alivyo. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama binamu yake kuhakikisha ameelewa.

Mama mkwe akasema polepole kutoka mlangoni, kumbe maji ya moto. Mwanawe akamwambia ndiyo, mama, ulisema.

Mjomba akanigeukia. "Ni kweli, mkwe? Msamvu ulimwambia hivyo?"

Mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja la hapana, na mengine yangefuata yenyewe. Mke wangu alikuwa ananikazia macho. Binamu ananitazama, watoto wananitazama.

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Nilimwambia."

Mzee alipumua kwa nguvu kama mtu aliyetuliwa mzigo asioupenda. Akamtazama mpwa wake kwa hasira ambayo sijawahi kumwona nayo, akamwambia kumbe mguu ameutupa mwenyewe, kisha anawaacha watu wanalia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema, na wewe umeliona. Akamwamuru asimame aniombe radhi mbele ya ukoo, kwa sababu nilimpa neno la kumwokoa akalipoteza.

Shemeji alijiinua kwa kushika ukuta. Ilimchukua muda, maana mguu ule ukiunyoosha sana unakaza. Alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanipa mkono.

"Shemeji," akasema, "nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe.